Kwa Nini Mkwesa Husema "Nitazame"

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, na wewe mgeni uliyekuja na wenzako usikae mbali. Watu wa bonde la mto Luswa hawakuzaliwa na maneno mazito midomoni. Kulikuwa na wakati ambapo neno la kuchekesha na neno la kuliza yalitoka kwa sauti ileile, na aliyeambiwa hakuwa na namna ya kujua ni lipi amepewa. Nitawasimulia jinsi wakati huo ulivyokoma.

Siku hizo, kama sasa, bonde lilikuwa na watu wa makabila matatu. Juu mlimani walikaa Wakwesa, watu wetu, wakilima mtama na maharage kwenye miteremko. Chini mbugani walikaa Warondo na ng'ombe wao. Kando ya maji, katikati ya matete, walikaa Wasuvi, ambao ni wavuvi na wakaushaji wa samaki. Kila kabila lilikuwa na lugha yake, lakini kila mtu alijua lugha ya jirani kiasi cha kununua na kutukana, na kwenye gulio hayo yalitosha.

Kabla ya hapo makabila hayo yalikuwa yamepigana vizazi na vizazi. Walipochoka kuzikana waliamua kutaniana. Mrondo aliyetaka kumpiga Mkwesa alimwita mla panzi, Mkwesa akamjibu kwamba bora panzi kuliko kulala na ndama, wakacheka, fimbo zikabaki chini. Ulikuwa mpango mzuri. Watoto wengi walikua wakazeeka kwa sababu ya utani ule.

Lakini utani ulikua nao. Ukawa hauna mpaka. Mchezo uliopendwa kuliko yote ulikuwa mchezo wa msiba. Mtu alijipaka vumbi kichwani, akavua viatu, akaja mbio kwenye gulio akilia kwamba baba yako amefariki, au nyumba yako imeungua na watoto wamo ndani. Ukilia, umeshindwa. Utatoa kuku, na utachekwa hadi gulio lijalo. Ukikaza uso na kujibu kwa utani mkubwa zaidi, umeshinda, na jina lako litatajwa kwenye nyimbo za kutwanga. Kwa hiyo wazazi waliwafundisha watoto wao kukaza nyuso. Mtoto aliyeshtuka upesi alionekana ana kasoro.

Mwanzoni aliyeleta habari ya kweli aliweza kusema "ni kweli", akaaminiwa. Watani wakalichukua neno hilo, wakawa nao wanasema "ni kweli", hadi jibu lake likawa moja kwa lugha zote: "Kweli ya jana au ya leo?" Watu wakaanza kuapa. Waliapa kwa kaburi la mama, kwa macho ya watoto wao, kwa mvua. Kila kiapo kilipotokea, watani walikiingiza mchezoni kabla mwezi haujaandama tena. Mwisho hapakubaki neno hata moja, katika lugha yoyote kati ya zile tatu, ambalo mtu angeweza kulisema na mwenzake akajua kwamba hapa mzaha umekwisha.

Katika siku hizo aliishi mwanamke wa Kikwesa aitwaye Kashemba. Alikuwa mfinyanzi, na alikuwa ameolewa mbugani kwa Warondo, kwa hiyo alijua Kikwesa cha kwao na Kirondo cha kwa mumewe. Kisuvi alikijua kwa sababu Wasuvi ndio walionunua vyungu vyake. Mumewe alikaa miezi mingi malishoni, mbali. Pale nyumbani aliyekuwa na kauli ni baba mkwe wake, mzee Lokwari, ambaye Kashemba, kama desturi ilivyotaka, hakumtazama machoni wala kumpa kitu mkono kwa mkono.

Mlimani Kashemba alikuwa na kaka mmoja, Tindwa. Bonde zima lilimjua Tindwa. Ndiye aliyewahi kuliza gulio zima la Wasuvi kwa msiba wa uongo, akaondoka na kuku wengi hata akashindwa kuwabeba. Alikuwa na sura ambayo ingeweza kuwa ya huzuni au ya furaha, kadiri alivyotaka yeye, na hakuna aliyejua ndani yake kuna nini.

Mama yao aliugua msimu mmoja wa mavuno, akafa. Tindwa mwenyewe ndiye aliyeshuka mbugani kumwambia dada yake. Alimkuta akichoma vyungu, wanawake wa Kirondo wamemzunguka. Akasimama mbele yake akasema kwamba mama amefariki. Wanawake wakageuza nyuso kumwangalia Kashemba waone atafanya nini. Kashemba akajua kwamba anaangaliwa, na kwamba anayemwambia maneno hayo ni Tindwa, bingwa wa mchezo ule. Akakaza uso. Akajibu kwamba ni vizuri, sasa chakula kitawatosha waliobaki.

Wanawake walicheka hadi wakashikana mabega. Tindwa akasema ni kweli. Wakamwuliza kwa pamoja kama ni ya jana au ya leo. Akaapa kwa kaburi, na kaburi lenyewe lilikuwa linachimbwa wakati ule, wakamwambia abuni kiapo kipya. Akabaki amesimama pale, mikono imening'inia, akitafuta neno. Hakulipata. Akageuka, akapanda mlima, wakamzika mama bila binti yake.

Kashemba alijua ukweli baada ya mavuno, alipopanda kwao amebeba chungu kipya alichomfinyangia mama yake. Alikuta kilima cha udongo, na majani yalikuwa yameshaanza kuota juu yake.

Tindwa hakumlaumu. Hawakulizungumza kabisa jambo lile. Tindwa alizidisha utani wake, akawa hakai mahali dakika chache bila watu kucheka. Kashemba aliuacha. Akiambiwa jambo la kuchekesha alitabasamu kwa adabu na kuendelea na udongo wake, na Warondo wakasema mke wa kijana wao amepoa.

Baada ya hapo ikaja masika yenye mvua kubwa mlimani. Ilinyesha mfululizo, njia zikageuka vijito. Halafu asubuhi moja watu wa bondeni waliamka wakakuta mto Luswa umekauka.

Hawakushangaa kwa muda mrefu, kwa sababu walifurahi. Chumvi yote ya bonde lile ilitoka kwenye mchanga wa mto, na kwa kawaida waliipata wakati wa kiangazi tu, tena kidogo. Sasa kitanda chote cha mto kilikuwa wazi, na samaki walikuwa wakirukaruka kwenye vidimbwi. Habari zikaenea. Warondo wakateremsha ng'ombe waje walambe mchanga wa chumvi. Wasuvi wakaja na wazee na watoto wao, wakajenga vichanja katikati ya mto, wakakausha samaki hapohapo. Wakwesa wakashuka mlimani na vikapu, wakachukua sehemu iliyo bora, kwenye kona ya mto ambako chumvi ilikuwa nene kama utando wa maziwa. Kona ile ilikuwa chini ya ukingo mrefu wa mwamba, wenye njia moja nyembamba ya kupandia. Gulio likahamia mtoni. Watu waliimba.

Kashemba hakwenda kuchota chumvi. Yeye alifikiria udongo. Alijua kwamba mvua ikiporomosha kingo za korongo, huko juu ambako mto unatoka mlimani, udongo mzuri wa vyungu hubaki wazi. Akapanda peke yake na kikapu chake.

Alipofika korongoni aliona mahali mto ulikokwenda. Ubavu mzima wa mlima ulikuwa umeporomoka, miti ikiwa bado imesimama juu yake, ukaziba korongo kutoka ukuta hadi ukuta. Nyuma ya kizuizi kile kulikuwa na ziwa. Lilikuwa jipya, la rangi ya kahawia, na vilele vya miti vilichomoza katikati yake. Kashemba alisimama chini ya kizuizi akasikia sauti ndani ya tope, kama ya mtu anayekunywa. Akaona maji yakitoka kwa mwanya mwembamba, safi kwanza, kisha yenye udongo. Alipokuwa anatazama, mwanya ukawa mkubwa kiasi cha kupitisha mkono wa mtu.

Akatupa kikapu akakimbia.

Njia ya kutoka korongoni hupita juu ya ukingo, na watu wa kwanza ambao mtu huwaona akishuka ni wale walio chini kwenye kona. Kashemba aliwaona watu wa kwao wameinama juu ya chumvi. Alimwona Tindwa katikati yao. Hapo ndipo alipoamua jambo ambalo aliishi nalo maisha yake yote. Alifikiri kwamba Warondo wana ng'ombe, na ng'ombe hawaondoki upesi. Alifikiri kwamba Wasuvi wana vikongwe na watoto wachanga. Wakwesa waliokuwa pale walikuwa vijana na wanawake wenye nguvu, hata waliobeba watoto mgongoni, na walikuwa na Tindwa, na kaka yake yeye angemwamini kwa neno moja. Akawapita. Akaenda kwanza kwa wageni.

Alimkuta mzee Lokwari ameketi mchangani na wazee wenzake wa Kirondo, wakipokezana kibuyu cha maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa. Kashemba alifika bila kilemba, matope hadi magotini, akasema kwamba mlima umeziba korongo, maji yamejaa nyuma yake na yameanza kutoboa, watoe ng'ombe wapande.

Wazee wakatazamana. Mmoja akasema kumbe mke wa kijana wao hajapoa, alikuwa anatunza utani wake kwa siku kubwa. Wakacheka. Kashemba akasema ni kweli, na alipokuwa akilisema alijua watakachojibu, nao wakajibu hivyohivyo. Akaapa kwa kilima cha mama yake. Mzee Lokwari akacheka taratibu, kwa namna ya mtu anayemsifu mkwewe, akainua kibuyu anywe.

Kashemba hakupanga kufanya alichofanya. Alinyoosha mikono akakichukua kibuyu mikononi mwa baba mkwe wake, ambaye hakuwahi hata kumgusa kivuli, akakipindua. Maziwa yakamwagika yote mchangani.

Sasa muelewe jambo hili. Mrondo alitania juu ya kila kitu, juu ya kifo na juu ya wazazi wake, lakini hakutania na maziwa ya kwanza. Maziwa yale yalimwagwa chini mahali pamoja tu, napo ni kaburini, mwenye nyumba anapozikwa. Hakuna aliyewahi kuyamwaga kwa mchezo. Hakuna aliyewahi hata kulifikiria jambo hilo.

Lokwari aliinuka na fimbo yake juu. Wazee wengine nao waliinuka. Kashemba hakurudi nyuma wala hakuinamisha uso. Mzee akaangalia lile doa jeupe linavyozama mchangani, akamwangalia mkwewe usoni kwa mara ya kwanza tangu aolewe, kisha fimbo ikashuka.

"Huyu hatanii," akasema. "Toeni ng'ombe."

Wasuvi, kutoka kwenye vichanja vyao, waliyaona yote. Walipoona mwanamke amempora mkwewe kibuyu, na Warondo wakaanza kuswaga ng'ombe kwa vurugu kuelekea juu, walidhani ni utani mkubwa kuliko wote uliowahi kufanywa bondeni. Walikuwa bado wanapiga makofi wakati Kashemba alipowafikia. Akawaambia kwa Kisuvi. Wakamwomba arudie, ili waliokuwa mbali nao wafaidi.

Katikati yao alikuwapo Bibi Nasungwi, mtunza moto wao. Wasuvi hawakuwasha moto mpya. Moto wao ulitoka kwa mama ukaenda kwa binti, ukibebwa ndani ya chungu popote walipohamia, na mafiga yote ya Wasuvi yaliwashwa kutoka chungu hicho. Uliachwa uzimike pale tu ukoo mzima ulipokwisha. Chungu chenyewe Kashemba alikuwa amekifinyanga kwa mikono yake.

Sasa alijua la kufanya. Alipiga magoti mbele ya moto wa Bibi Nasungwi, akachota mchanga mbichi kwa mikono miwili akaumwaga juu ya makaa, akachota tena, na makaa yaliyobaki akayashindilia kwa viganja. Moshi mweupe ukapanda. Kicheko kikakatika, si mara moja, kikafa mtu mmoja mmoja.

Nasungwi hakupiga kelele. Alitazama mikono ya Kashemba iliyobabuka.

"Maji yako wapi?" akauliza.

"Yanakuja, bibi."

Bibi yule akamshika mkono mtoto aliyekuwa karibu naye, akaanza kupanda ukingo. Hakugeuka kuchukua chungu chake. Wasuvi walipomwona anakiacha, walijua, wakaacha samaki na nyavu na vichanja, wakamfuata.

Walibaki Wakwesa, watu wetu. Nao walikuwa wameona maziwa yakimwagwa na moto ukizimwa, lakini kutoka pale konani waliona kitu kingine. Chumvi iliyo bora ilikuwa mikononi mwao. Tindwa alikuwa ameshawaeleza kwamba Warondo na Wasuvi wamepatana wawatanie Wakwesa ili watoke, kisha wairukie kona ile wao. Kwa hiyo kadiri jambo lilivyoonekana zito, ndivyo walivyozidi kuona kwamba limepangwa vizuri, na ndivyo walivyozidi kucheka. Kashemba alipoteremka kwa ile njia nyembamba walimpokea kwa vigelegele.

Aliwaambia. Walimwambia arudi akawaambie waliomtuma kwamba Wakwesa hawatoki. Akatafuta kitu. Mkwesa hakutania na mbegu, lakini kupanda kulikuwa kumeshakwisha, na pale mtoni hapakuwa na mbegu hata punje. Hapakuwa na kitu cha kumwaga wala cha kuzima. Alikuwa ametumia alivyokuwa navyo kwa wageni, na kwa watu wake akafika mikono mitupu.

Akaacha kusema. Akawapita wale waliokuwa wakimvuta nguo, akaenda akasimama mbele ya kaka yake.

"Kaka," akasema, "nitazame."

Tindwa alifungua mdomo kumjibu, na watu wakanyamaza wasikie jibu. Akamtazama. Alimwona dada yake amesimama, mikono imening'inia, ngozi ya viganja imetoka. Alikuwa amekuja mbio tangu korongoni, na sasa hakimbii. Hakuwahimiza tena. Alikuwa amekuja kusimama mahali ambapo maji yatapita, kwa sababu kaka yake yupo hapo.

"Hivi ndivyo nilivyosimama mimi," Tindwa akasema polepole. "Siku ile ya mama."

"Ndivyo."

Tindwa akageuka akawaambia watu wapande. Sauti yake ilivunjika alipokuwa akisema, na machozi yakamtoka mbele ya wote. Hapo ndipo Wakwesa walipocheka kuliko siku zote. Tindwa analia! Walijipiga mapajani. Wengine walikaa chini kwa kuishiwa nguvu. Kadiri alivyowasihi ndivyo walivyomsifu, kwani kwa maisha yake yote alikuwa amewafundisha kwamba hivyo ndivyo mzaha mzuri unavyoonekana.

Upepo wa baridi ulianza kushuka kutoka upande wa juu wa mto, ukinuka udongo.

Tindwa akaacha kusihi. Alimpora mtoto mchanga mgongoni mwa mwanamke aliyekuwa jirani yake, akamtia mikononi mwa Kashemba, akamwambia ampandishe. Kisha akampora mwingine, na mwingine, akawa anakimbia nao hadi kwenye njia ile nyembamba na kuwarusha kwa waliokuwa juu. Mama zao walimkimbiza wakimtukana, wakimpiga kwa vikapu mgongoni, kwa sababu sasa alikuwa amevuka mpaka, na hakuna aliyecheka tena. Walipanda kuwafuata watoto wao. Baadhi ya waume walipanda kuwafuata wake zao ili waje wampige Tindwa vizuri. Hivyo ndivyo waliopona walivyopona. Walipona kwa hasira.

Kashemba alikuwa juu, na mtoto wa watu mikononi, aliposikia mto unarudi. Waliokuwapo walisema haukuwa na sauti ya maji. Ulikuwa na sauti ya mawe yanayosagana. Uligonga ile kona kwa miti na tope, ukajaa hadi karibu na miguu ya waliosimama ukingoni. Walioinama juu ya chumvi hawakupata hata nafasi ya kusimama wima. Tindwa alikuwa ameshuka tena. Mara ya mwisho alionekana amemshika mkono kijana mmoja, anamvuta, na kijana yule bado anacheka.

Walimtafuta hadi mahali Luswa unapotawanyika kwenye mabwawa. Wengine walipatikana. Yeye hakupatikana.

Matanga yalikaliwa palepale juu ya ukingo, kwa kuwa waliopotea walikuwa wengi na hapakuwa na boma la kuwatosha waombolezaji. Warondo walileta ng'ombe, na Wasuvi wakaazima moto kwa Warondo, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Desturi ilikuwa kwamba msibani watani hufanya mzaha ili wafiwa wapate kula. Safari ile walikaa wakatazama chini. Mzee Lokwari alitamka mbele ya watu kwamba maziwa yaliyomwagwa hayatadaiwa fidia. Kashemba alikula chakula cha matanga kwa kulishwa, kwa sababu mikono yake ilikuwa imefungwa majani.

Wapo waliotaka utani ukomeshwe kabisa. Bibi Nasungwi ndiye aliyekataa.

"Tukiacha kutaniana tutarudia mikuki," akasema. "Mimi nimezika watu wa mikuki na sasa nimezika watu wa utani. Sitaki kuchagua."

Hapakuwa na uamuzi siku ile. Uamuzi ulikuja wenyewe. Baada ya miezi michache Mrondo mmoja alifiwa na mke, akatuma mtu upande wa pili wa mbuga kuwaambia wakwe zake. Mjumbe alipofika aliona nyuso zinaanza kukazwa, kwa mazoea ya miaka mingi. Hakuapa. Alisema tu, "Nimemwaga maziwa." Watu wote wakasimama. Homa ilipoingia kijiji kimoja cha Wasuvi nao wakataka msaada kwa wenzao wa kijiji cha pili, aliyetumwa alisema, "Moto umezimwa," na mitumbwi ikaondoka kabla hajamaliza. Na Mkwesa wa kwanza kupeleka habari nzito baada ya siku ile alikuwa mmoja wa wale mama waliomkimbiza Tindwa. Alifika mlangoni kwa dada yake, akakaa kimya hadi wakaacha walichokuwa wakifanya, akasema, "Nitazame."

Kijana mmoja wa Kirondo, Sembe jina lake, alijaribu kulitia neno la kwao mchezoni. Alimwendea shangazi yake akasema amemwaga maziwa, na mama yule alipoanguka chini yeye akacheka. Hawakumtoza kuku wala hawakumpiga. Ila kuanzia jioni ile hakuna aliyemjibu. Alisalimia, watu wakaendelea na kazi zao. Aliita, ng'ombe wakageuka, watu hawakugeuka. Msimu ulipokwisha alihama, na hakuna aliyemwuliza anakwenda wapi.

Kashemba aliishi akawa mzee. Aliendelea kufinyanga, ingawa vidole vyake havikukunjuka vizuri tena, na vyungu vyake vya miaka ile vina alama za viganja badala ya vidole. Watu walimheshimu kwa lugha zote tatu. Wapo waliomwuliza, hasa wale waliofiwa, kwa nini aliwapita watu wake akawaacha wa mwisho. Alijibu mara moja tu, kwamba alidhani kwa watu wake ndiko ambako ingekuwa rahisi. 

Ndiyo sababu bonde letu liko hivi mnavyoliona. Tunataniana. Mrondo bado anatuita wala panzi, na msibani Wasuvi bado wanaiba nyama jikoni na kukimbia nayo ili wafiwa wacheke. Lakini katikati ya kelele zote mtu akisema maziwa yamemwagwa, au moto umezimwa, au nitazame, kicheko kinakatika hapohapo. Wageni hutushangaa. Ukiyapeleka maneno yale kwenye lugha nyingine yanakuwa mepesi kabisa. Maziwa ni maziwa tu, na kutazamwa kila mtu anatazamwa. Uzito hauvuki pamoja na maneno. Ndiyo maana hata anayejua lugha zetu zote tatu, akiwa na jambo zito la kumwambia Mrondo, humwambia kwa neno la Warondo, na akija kwetu husimama kwanza, akanyamaza.

Tena mtagundua kwamba hakuna mzazi anayemfundisha mtoto maneno haya. Watoto wetu wanajifunza matusi yote ya Wasuvi kabla hawajaota meno ya pili, lakini hili hata hadithi hii haiwafundishi. Kila mmoja hulijua neno la watu wake siku ya kwanza anapolisikia, kwa sababu siku hiyo anaambiwa yeye.